Kwa Nini Mabingwa wa Ngumi Hawakutani Upesi?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukaa mahali ambapo watu wanabishana juu ya ngumi. Mmoja anasema bondia fulani ndiye bora duniani. Mwingine anasema la, bora ni fulani mwingine. Kisha mtu wa tatu anauliza, "Basi kwa nini hawapigani tukaona?" Jibu hutoka upesi: "Anamwogopa!" Watu wanacheka, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwezi huu tuliangalie swali hilo polepole. Tutazungumza juu ya ngumi za kulipwa, na hasa ngumi za uzito wa juu. Hao ni mabondia wenye uzito wa zaidi ya kilo 90. Ndio wanaopendwa na watu wengi, na ndio wanaopata fedha nyingi.

Mimi sikubali kwamba woga ndio sababu kubwa. Mtu aliyekwisha zoea kupigwa usoni kwa raundi 12 si mwoga. Sababu ziko nje ya ulingo. Ziko mezani, penye karatasi na kalamu.

Kwanza tukumbuke jambo moja. Katika mpira wa miguu kuna ligi. Chama kinapanga ratiba, na timu haiulizwi kama inapenda kukutana na timu fulani. Katika ngumi za kulipwa hakuna ligi. Kila pambano kubwa ni mkataba mpya. Lazima watu wakae, waulizane, wabishane, wakubaliane, watie sahihi. Asiyetaka kutia sahihi hawezi kulazimishwa.

Ni kama posa. Kijana na msichana wanaweza kuwa wamekwisha pendana. Lakini kuna mshenga, kuna wajomba, kuna mashangazi, na kila mmoja ana neno lake. Bondia naye hayuko peke yake. Ana meneja anayesimamia kazi yake. Ana promota, yaani mtu anayeandaa pambano, anayetafuta fedha na kuuza tiketi. Ana kampuni ya televisheni iliyomlipa ili mapambano yake yaonyeshwe kwake tu. Mpinzani wake naye ana watu kama hao. Hesabu mwenyewe ni wangapi wanaokaa mezani kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa.

Hebu tutazame pambano moja ambalo wazee wetu wanalikumbuka. Lilifanyika kwa jirani zetu, katika mji wa Kinshasa, nchi ya Zaire, ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka ulikuwa 1974. Muhammad Ali alitaka kurudisha ubingwa wa dunia. Bingwa wakati huo alikuwa George Foreman. Ali alikuwa na umri wa miaka 32, Foreman miaka 25. Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya 2. Na hao wawili ndio waliokuwa wamemshinda Ali hapo nyuma.

Alitokea promota mmoja Mmarekani, Don King. Wakati huo alikuwa bado mgeni katika kazi hiyo. Alimwahidi Ali dola milioni 5. Alimwahidi Foreman dola milioni 5. Wote wawili wakatia sahihi. Tatizo lilikuwa moja: Don King hakuwa na dola milioni 10.

Umeona maajabu hayo? Mtu ameuza ng'ombe ambaye hajamnunua. Lakini alikuwa ameshika sahihi mbili mkononi, na sahihi hizo ndizo zilizokuwa mali yake. Akazunguka nazo kutafuta mwenye fedha. Aliyekubali kulipa ni serikali ya Rais Mobutu. Mobutu alitaka dunia nzima iitazame nchi yake. Hakutafuta faida ya tiketi. Alinunua sifa.

Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia. Meza ile ilikuwa na ugumu wake wa kawaida. Bingwa hudai alipwe zaidi kwa sababu yeye ndiye bingwa. Mpinzani mwenye jina kubwa hudai alipwe sawa, kwa sababu watu wanakuja kumtazama yeye. Kule Kinshasa ubishi huo uliisha kwa sababu fedha zilikuwa nyingi mno, na kila mmoja alipewa sawa na mwenzake. Dola milioni 5 hazikuwahi kulipwa kwa bondia yeyote kabla ya hapo. Hata katika pambano la Ali na Frazier la mwaka 1971 mjini New York, ambalo lilishangaza watu wote kwa ukubwa wa malipo, kila mmoja alipata dola milioni 2 na nusu.

Hata baada ya sahihi na fedha kupatikana, shida haikuisha. Pambano lilipangwa kufanyika mwishoni mwa Septemba. Siku chache kabla ya hapo, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini. Wanamuziki wakubwa walikwisha alikwa. James Brown alikuja kutoka Marekani, Miriam Makeba alikuwapo, na wenyeji Franco na Tabu Ley walikuwa tayari. Muziki ukapigwa kama ulivyopangwa, lakini ngumi zikaahirishwa kwa zaidi ya mwezi mzima. Mabondia wote wawili walibaki Zaire wakisubiri kidonda kipone.

Pambano lilifanyika tarehe 30 Oktoba 1974. Lilianza saa 10 alfajiri. Kwa nini watu wapigane alfajiri? Kwa sababu wakati huo ilikuwa saa 4 usiku katika mji wa New York. Wamarekani walikuwa wamelipa kiingilio katika kumbi za sinema ili kulitazama. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 12 asubuhi, wakati mtu anachukua jembe. Saa ya pambano haikupangwa kwa ajili ya watu waliokaa uwanjani. Ilipangwa kwa ajili ya mtazamaji aliyelipa huko mbali. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Baadaye kidogo mvua kubwa ikanyesha, ikajaza maji uwanjani. Kama ingekuja mapema kidogo, sijui ule mkataba ungesemaje.

Sasa tuje kwenye mikanda. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, nami nakiri kwamba ilinichukua muda kuelewa.

Bingwa wa dunia hupewa mkanda. Lakini dunia haina chama kimoja cha ngumi za kulipwa. Kuna vyama vinne vikubwa, na kila kimoja kina mkanda wake. WBA ndicho kikongwe, maana mizizi yake ni ya mwaka 1921. WBC kilianzishwa mwaka 1963, IBF mwaka 1983, na WBO mwaka 1988. Kwa hiyo katika uzito mmoja wanaweza kuwapo mabingwa wanne kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaitwa bingwa wa dunia. Kila chama huchukua ada kutoka katika malipo ya bondia anayegombania mkanda wake. Huoni haraka ya kuungana hapo.

Kila chama kina orodha ya wapinzani. Aliye juu katika orodha huitwa mpinzani wa lazima. Maana yake ni kwamba bingwa lazima apigane naye katika muda uliowekwa. Akikataa, ananyang'anywa mkanda. Sheria hiyo ni nzuri. Bila sheria hiyo, bingwa angechagua watu dhaifu tu, na kijana asiye na jina asingepata nafasi hata siku moja. Lakini bingwa mwenye mikanda mitatu ana wapinzani wa lazima watatu, na kila mmoja anapiga hodi.

Mwaka 1978 Leon Spinks alimshinda Ali. Chama cha WBC kilimtaka apigane na Ken Norton. Spinks alitaka kurudiana na Ali, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na fedha nyingi. WBC ikamnyang'anya mkanda, ikampa Norton. Spinks alikuwa bingwa wao kwa muda wa kama mwezi mmoja tu.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Waingereza wawili, Tyson Fury na Anthony Joshua, walikuwa na mikanda yote minne kati yao. Nchi yao nzima ilitaka wapigane. Mwezi Mei 2021 Fury alitangaza kwamba watapigana tarehe 14 Agosti, nchini Saudi Arabia. Watu walishangilia. Kesho yake tu habari zikabadilika.

Ilikuwaje? Fury alikuwa amempiga Mmarekani Deontay Wilder mwezi Februari 2020. Katika mkataba wao wa zamani kulikuwa na kifungu kilichompa Wilder haki ya kupigana naye tena. Watu wa Fury waliona kwamba muda wa kifungu hicho umekwisha pita. Wilder akasema haujapita. Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, jaji mstaafu wa Marekani, naye akaamua kwamba Wilder ana haki. Fury akalazimika kupigana na Wilder mwezi Oktoba. Alimwangusha katika raundi ya 11.

Na Joshua je? Yeye alibaki mikono mitupu. Chama cha WBO kilikuwa na mpinzani wa lazima anayemsubiri, Oleksandr Usyk wa Ukraine. Walipigana mjini London tarehe 25 Septemba 2021. Usyk akashinda kwa pointi na kuondoka na mikanda mitatu. Basi lile pambano ambalo watu walilisubiri halikuweza tena kuwa la mikanda yote minne. Kifungu kimoja katika karatasi ya zamani kiliharibu yote hayo. Hakuna aliyeogopa mtu.

Vifungu vya kurudiana ni jambo la kufikiria sana. Bingwa husema, "Nitapigana nawe, lakini ukinishinda lazima unipe nafasi ya pili." Kwake yeye hiyo ni kinga. Ukitazama kwa jicho la mpinzani, hiyo ni kamba ya shingo. Akishinda leo, mwakani bado amefungwa kwa mtu yuleyule. Na watu wengine wanaosubiri katika foleni wanazidi kukaa.

Sasa, vipi kama pande mbili zikishindwa kabisa kuelewana, na pambano ni la lazima? Hapo chama huitisha zabuni. Kila promota anaandika kiasi anachoweza kulipa, anakitia katika bahasha, na anaifunga. Bahasha zinafunguliwa mbele ya wote. Mwenye kiasi kikubwa ndiye anayeandaa pambano.

Tufanye hesabu pamoja. Mwezi Januari 2022 bahasha zilifunguliwa kwa pambano la Fury na Dillian Whyte, aliyekuwa amesubiri nafasi hiyo kwa miaka. Bahasha moja ilikuwa na dola 32,222,222. Nyingine, ya Frank Warren, ilikuwa na dola 41,025,000. Warren akashinda. Kwanza sehemu moja ya kumi iliwekwa kando kwa ajili ya mshindi, yaani dola 4,102,500. Zilizobaki ni dola 36,922,500. Bingwa Fury alipewa asilimia 80 ya hizo, yaani dola 29,538,000. Whyte alipewa asilimia 20, yaani dola 7,384,500. Chukua kalamu uhakikishe mwenyewe. Walipigana London mwezi Aprili, na Fury alimwangusha Whyte katika raundi ya 6.

Utasema dola milioni 7 ni nyingi. Ni kweli, kwangu na kwako ni mali isiyohesabika. Lakini mtu mezani haangalii fungu lake tu. Anaangalia fungu la mwenzake. Bondia akikubali asilimia 20, anakuwa amekubali mbele ya watu wote kwamba yeye ni mdogo mara nne. Ndiyo maana mazungumzo mengi huvunjika kwa ajili ya asilimia 5 au 10, ingawa fedha zenyewe zinatosha wote. Heshima nayo imo ndani ya hesabu.

Televisheni nayo ina sehemu yake. Lennox Lewis alikuwa na mkataba na kampuni ya HBO. Mike Tyson alikuwa na mkataba na kampuni ya Showtime. Kampuni hizo mbili zilikuwa washindani, kama wauzaji wawili sokoni. Ili wawili hao wapigane ilibidi kampuni zote mbili zikubali kushirikiana. Zaidi ya hapo, mwezi Januari 2002, mabondia hao walipigana mbele ya waandishi wa habari mjini New York, na Tyson akamng'ata Lewis mguu. Jimbo la Nevada likakataa kumpa Tyson leseni. Pambano likahamia Memphis, likafanyika tarehe 8 Juni 2002. Lewis alimwangusha Tyson katika raundi ya 8.

Lakini Lewis alikuwa na miaka 36, na Tyson alikuwa anakaribia 36. Tyson wa mwaka 1988 hakuwepo tena. Mwaka 1996 Lewis ndiye aliyekuwa mpinzani wake wa lazima. Unajua kilichofanyika? Lewis alilipwa dola milioni 4 ili akae kando, Tyson apigane kwanza na mtu mwingine. Ndiyo, ndugu msomaji, katika biashara hii mtu anaweza kulipwa kwa kutopigana.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa. Mkulima akikosa mvua mwaka huu, ana matumaini ya mwaka ujao. Mwili wa bondia hauna msimu wa pili. Miaka yake mizuri ni michache. Wanaokaa mezani wanaweza kungoja, maana wao hawazeeki kwa kupigwa. Bondia anazeeka.

Mapambano mengine hayafanyiki kabisa. Lewis alimshinda Riddick Bowe katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988 mjini Seoul, walipokuwa bado katika ngumi za ridhaa. Mwaka 1992 Bowe akawa bingwa wa dunia, na Lewis akawa mpinzani wa lazima wa chama cha WBC. Pande mbili hazikuelewana juu ya mgawo wa fedha. Mwezi Desemba Bowe akauchukua mkanda wa WBC, akautupa katika pipa la taka mbele ya wapiga picha mjini London. Mkanda akapewa Lewis bila kupigana. Hawakukutana tena ulingoni hata mara moja, ingawa wote wawili waliendelea na ngumi kwa miaka mingi. Hata leo watu wanabishana nani angeshinda.

Basi lini mambo haya huwezekana? Mara nyingi ni wakati mmoja anapokubali kushuka, au anapotokea tajiri anayelipa kupita kiasi. Katika pambano la Usyk na Fury yalitokea yote mawili. Mapema mwaka 2023 Fury alitaka asilimia 70, Usyk achukue 30. Alidhani Usyk atakataa. Usyk akakubali, akaongeza sharti moja: Fury atoe paundi milioni 1 kwa watu wa Ukraine, nchi iliyokuwa vitani. Usyk wakati huo ndiye aliyekuwa na mikanda mitatu, na Fury alikuwa na mmoja! Hata hivyo mwezi Machi mazungumzo yalivunjika. Walishindwa kuelewana juu ya masharti ya kurudiana. Umeona? Fedha zimekubaliwa, kifungu kikakataa.

Kisha Saudi Arabia ikaingia na fedha zake. Ndiyo habari ya Kinshasa imerudi: mwenye kulipa hatafuti faida ya tiketi tu, anatafuta jina. Kwa fedha hizo promota waliokuwa hawasalimiani walikaa meza moja. Pambano likapangwa kufanyika Riyadh tarehe 17 Februari 2024. Siku chache kabla ya hapo Fury akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, kama Foreman miaka 50 iliyopita. Likasogezwa hadi tarehe 18 Mei.

Siku hiyo walipigana raundi zote 12. Katika raundi ya 9 Fury aliyumba mpaka refa akamhesabia. Majaji wawili walimpa Usyk ushindi, mmoja alimpa Fury. Kwa mara ya kwanza tangu Lewis alipofanya hivyo mwezi Novemba 1999, uzito wa juu ulikuwa na bingwa mmoja tu. Usyk alikuwa na miaka 37.

Alikaa na mikanda yote minne kwa muda mfupi. Mkataba wake ulimtaka arudiane na Fury, na chama cha IBF kilimtaka apigane na mpinzani wake wa lazima, Daniel Dubois. Hakuweza kufanya yote mawili. Kabla mwezi Juni haujaisha aliuachia mkanda wa IBF, ukaenda kwa Dubois. Alimpiga Fury tena mwezi Desemba 2024. Mkanda ule wa nne aliupata tena tarehe 19 Julai 2025, mjini London, alipomwangusha Dubois katika raundi ya 5.